Uzi wa Baba na Kulabu za Virusi

Baba alikuwa fundi cherehani. Mama alishona vifungo. Macho ya Mama yalikuwa yamechoka, kwa hiyo Baba ndiye aliyemtungia sindano. Alilamba ncha ya uzi, akaipitisha tunduni, akampa. Uzi ukichomoka, Mama naye aliulamba kabla ya kumrudishia autunge tena.

"Miaka thelathini tunalishana uzi," Baba alipenda kusema.

Msimu mmoja Baba alishikwa na mafua makali. Mama ana pumu. Mwaka uliotangulia, mafua yalimlaza hospitalini siku tisa, tukadhani tutampoteza. Hata hivyo Baba aliendelea kulamba uzi.

Nesi wa mtaani alikuja kuchukua sare yake. Akaona.

"Fundi, uzi huo unampa mkeo?"

"Nimpe nani mwingine? Ninaye huyuhuyu."

"Basi unampa na mafua."

Baba akacheka, kisha akakohoa. Nesi akaokota kulabu ndogo ya sketi mezani.

"Virusi ni vidogo mno, huvioni kwa macho. Juu yake vina protini zilizochomoza kama kulabu hii. Na seli za pua na koo, zile chembe hai za mwili, zina kama vitanzi. Kulabu ikinasa kwenye kitanzi, kirusi kinaingia ndani ya seli na kuzaliana."

"Isiponasa?"

"Hakiingii. Chanjo huufundisha mwili kutengeneza kinga ya kuzifunika kulabu. Lakini kulabu hizo hubadilika umbo, ndiyo maana tunachanja kila mwaka. Sabuni nayo hupasua ganda la kirusi."

Baba akaitazama kulabu. "Miaka yote nafunga hizi. Kumbe nilikuwa namfungia na mke wangu."

"Alidhani mate yake ni dawa," Mama akasema.

Siku ileile Baba alihamishia cherehani nje, chini ya dirisha. Alivaa barakoa, akalala chumba kingine, akanawa mikono kwa sabuni kila mara. Akapinda waya mwembamba wa kutungia uzi, akaniagiza nimpelekee Mama. Kila asubuhi aliita dirishani, "Bibi harusi, umeamkaje?"

"Nimeamka bila wewe, na napumua vizuri."

Msimu ule Mama hakuugua. Baba alipopona, waliongozana kliniki kuchanjwa.

Sasa Baba hayupo. Uzee ulimchukua taratibu. Mama huchanjwa kila mwaka, na waya ule bado unaning'inia kwenye cherehani. Huutumia kutunga uzi mwenyewe, pole pole, bila kulamba.

"Mzee huyu," huniambia, "bado ananitungia."