Aliyegonga Mara Tatu Kizimbani

Binamu yangu Kiwaya alikuwa na ugonjwa usio na dawa: hawezi kunyamaza. Akiwa peke yake anaongea. Akila anaongea. Akifunga kamba za viatu anaziambia kamba anachotaka kuzifanyia. Mama yake mdogo alikuwa akisema huyu siku akifa, mwili utazikwa leo na mdomo kesho yake. Lishike hilo, msomaji, maana bila mdomo huo nisingekuwa na cha kukusimulia.

Kazi yake ilikuwa kufunga vipaza sauti kwenye shughuli za watu, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Labda mimi, kama ningependa kubeba spika. Alhamisi hiyo alipata kazi kwenye jengo la mahakama ya zamani. Mahakama yenyewe ilishahamia kwenye jengo jipya lenye lifti, na hili la zamani likageuzwa ukumbi wa mihadhara. Kila mwezi hakimu mmoja mstaafu, ambaye watu bado walimwita Mheshimiwa, alisimulia kesi moja ya zamani kwa yeyote aliyetaka kuja kusikiliza. Mwishoni wasikilizaji walinyoosha mikono na kutoa hukumu yao wenyewe. Watu walipenda sana. Nani hapendi kuhukumu?

Mhadhara ulikuwa unaanza saa nane mchana. Saa kumi kamili Kiwaya alitakiwa awe kwenye geti la shule kumchukua binti yake wa miaka sita, tuliyezoea kumwita Kifaranga. Mwezi huo alikuwa ameshachelewa mara mbili, na mara ya pili mtoto alikutwa amebaki peke yake, mkoba mgongoni, analia bila sauti. Asubuhi hiyo Kiwaya alichuchumaa mbele yake, akamshika mabega. Akamwambia leo hata jengo lianguke, baba atakuwa pale.

Aliyempokea ukumbini ni mama mtunza jengo, mwenye funguo nyingi kiunoni hadi akitembea unadhani kuna punda wa njuga anakuja. Wote walimwita Mama Funguo. Alimtazama Kiwaya usoni, akashuka hadi miguuni. Soli ya kiatu cha kulia ilikuwa imeachia mbele, inapiga sakafu kila hatua.

"Mwanangu, hicho kiatu chako kina njaa," akasema.

Kiwaya akamjibu hicho si kiatu, ni spika ya akiba. Wakacheka. Akaonyeshwa soketi za umeme na pa kupitishia nyaya. Halafu Mama Funguo akaacha kucheka.

"Kitu kimoja tu. Humu ndani usigonge mara tatu. Gonga mara moja, gonga mara kumi. Tatu, hapana."

Akamweleza kwa nini. Enzi hizo hakimu alifungua kikao kwa kugonga nyundo mara tatu. Na kesi itakayosimuliwa leo ndiyo ya mwisho kusikilizwa ndani ya ukumbi ule: mshona viatu aliyeshtakiwa kuchoma ghala, mlinzi akafia ndani. Hakimu akaahirisha kesi hadi saa nane mchana, akaenda kula, akateleza kwenye ngazi na kuvunjika shingo. Kikao hakikufunguliwa tena. Mshtakiwa hakufungwa wala hakuachiwa. Akarudishwa kwenye chumba kilicho chini ya kizimba, na karatasi zake zikasahaulika. Alikaa humo miaka tisa, hadi alipokufa. Kila siku saa nane aliuliza swali lilelile kupitia mbao: wameanza? Ndiyo maana hata Mheshimiwa mwenyewe, msomi mzima, alifungua mihadhara yake kwa kengele ndogo.

Kiwaya alimhakikishia kwamba amesikia. Mama Funguo akaenda kufungua geti la nje.

Sasa uone hicho kizimba. Ni sanduku la mbao nyeusi, linakufika kifuani. Lina kamlango kadogo kasiko na kufuli wala komeo, kanasukumwa tu kama mlango wa jikoni. Ndani yake, upande wa nyuma, sakafuni kuna mfuniko wa mbao, na chini ya mfuniko kuna ngazi. Mheshimiwa aliagiza kipaza kimoja kiwekwe humo, maana alitaka mmoja wa wasikilizaji asimame na kusoma maneno ya mshtakiwa. Aliagiza pia kila kipaza kirekodiwe peke yake. Kiwaya akawasha rekoda, taa nyekundu ikawaka. Akavaa hedifoni, akaingia kizimbani, akawa anaziambia nyaya zisimletee ujinga leo, ana mtoto wa kumchukua.

Halafu mkono ukafanya kilichozoeleka kwa miaka kumi na miwili. Hakukusudia. Wewe ukipita kwenye kioo huwa unakusudia kujitazama? Kidole kikagusa kichwa cha kipaza.

Tap. Tap. Tap.

Spika zikatoa mlio. Haukuwa wa kidole. Ulikuwa wa mbao juu ya mbao.

Feni ya darini ikasimama.

"Umeme," Kiwaya akasema. Lakini taa nyekundu ya rekoda ilikuwa bado inawaka.

Ndani ya hedifoni sauti kavu ikauliza, "Mshtakiwa yupo?"

Kiwaya akatabasamu. Alijua ni Mheshimiwa, amefika mapema na kujibanza nyuma ya meza ya juu, ile ya hakimu, anamtania fundi kupitia kipaza cha pale. Na Kiwaya mzaha haumpiti.

"Yupo, Mheshimiwa. Tena ameoga."

Akauvuta waya wa kipaza cha meza ya juu, uliopita kando ya kizimba, ili aukaze. Waya ukaja wote mkononi. Ncha yake ilikuwa haijachomekwa popote.

Akasukuma kamlango. Hakakusogea. Akasukuma kwa bega. Akasukuma kwa mgongo, miguu imekita upande wa pili. Kalikuwa kama kamechorwa ukutani. Sawa, akajiambia, mtu mzima haangaiki na mlango, anaruka. Akashika ukingo, akajirusha, akatua.

Alitua ndani.

Akaruka upande wa kushoto. Akatua ndani. Akaruka wa kulia, akifumba macho. Akafumbua. Mbao nyeusi pande zote, zinamfika kifuani.

Saa nane watu wakaingia. Wanafunzi, wastaafu, akina mama wawili wenye pochi kubwa. Kiwaya akafurahi, akawapungia, akawaambia amenaswa kama panya, mmoja aje amfungulie. Wakachagua viti. Wakapiga miayo. Akaita kwa nguvu. Mama Funguo akapita karibu kabisa, akalalamika kwamba fundi ameacha vyombo wazi na kupotea. Kiwaya akamwinamia, akapiga kelele ndani ya sikio lake.

Mama Funguo akajikuna sikio.

Mheshimiwa akaingia, akapiga kengele yake, akaanza kusimulia. Alisimulia vizuri. Ghala, moshi, mlinzi, mashahidi watatu waliokuwa wametazama upande mwingine. Akaomba mtu mmoja aende kizimbani akasome maneno ya mshtakiwa. Watu wakatazamana, wakakitazama kizimba, wakatazama miguu yao. Hakuna aliyenyanyuka. Mheshimiwa akasoma mwenyewe.

Hapo ndipo Kiwaya akasikia hatua.

Zilikuwa chini yake. Zinapanda taratibu. Ngazi moja. Kimya. Ngazi nyingine. Mfuniko ukanyanyuka nyuma ya visigino vyake na harufu ikaja, ya ngozi mbichi na nta. Alitaka kugeuka. Shingo ilikataa. Mtu akasimama nyuma yake, karibu, kama watu wanavyosimama kwenye foleni.

"Wameanza?" mtu akanong'ona.

Kiwaya hakujibu. Mara ya kwanza maishani mwake.

"Asante kwa kunishikia nafasi."

"Sijakushikia nafasi," Kiwaya akanong'ona. "Mimi si wa hapa. Mimi ni fundi. Nina mtoto ananisubiri."

"Wa miaka mingapi?"

Na ule mdomo, ule mdomo ambao ukoo mzima tuliucheka, ukafunguka. Akataja miaka. Akataja shule. Akasema geti la kijani, saa kumi kamili, mkoba mwekundu. Alidhani mtu akijua habari za mtoto atamhurumia. Aliongea, akaongea, na yule wa nyuma akawa anaitikia, hmm, hmm, kama mtu anayeelekezwa njia.

Saa tisa na nusu Mheshimiwa akafika mwisho. Akauliza: nyinyi mngekuwa mahakimu, mngemfanya nini mtu huyu? Wanaotaka aachiwe huru wanyooshe mikono.

Kiwaya akawa anawaomba. Akamwomba mmoja mmoja. Mama wewe wa pochi, nyoosha. Kijana wa miwani, nyoosha, nakuomba, nina mtoto. Na wakanyoosha. Mmoja, kumi, ukumbi wote. Hata Mama Funguo pale mlangoni akainua mkono wenye funguo.

"Basi, mshtakiwa aachiwe huru," Mheshimiwa akasema, na watu wakapiga makofi.

Kamlango kakafunguka kenyewe.

Kiwaya alilia kwa furaha. Alikuwa bado na nusu saa. Akainua mguu.

Mkono ukamgusa begani. Haukumsukuma. Ulimsogeza tu pembeni, kistaarabu, kama unavyomsogeza mtu asiyejua foleni ni ya nani.

"Wamemwachia mshtakiwa," yule mtu akamwambia. "Si fundi."

Akapita. Kiwaya akamwona kwa nyuma. Shati lake. Kisogo chake. Hedifoni yake shingoni. Na kiatu cha kulia, soli imeachia, kinapiga sakafu kila hatua. Kamlango kakajifunga. Mama Funguo akamuuliza yule mtu alikuwa wapi muda wote huo.

"Nilikuwa hapahapa," akajibiwa. Basi. Hakuongeza neno.

Saa kumi kasoro dakika kumi alikuwa kwenye geti la kijani. Kifaranga alimwambia mama yake jioni hiyo, kwa furaha ya mtoto, kwamba leo baba amewahi kuliko wazazi wote. Huyo baba alimshika mkono kwa nguvu, hakuongea njia nzima. Isipokuwa kila walipofika kwenye kona alisimama na kumuuliza, sasa tupite wapi?

Asubuhi akapita ukumbini kuchukua vyombo vyake, akaja kwangu na begi lenye vyote. Akaniambia nichukue, hana kazi navyo tena. Nikamtania kwamba ameokota hazina. Akanitazama. Nikashusha macho, mimi ambaye sijawahi kumshushia mtu macho, na nikaona kiatu chake cha kulia. Kilikuwa kimeshonwa. Uzi mweusi wa nta, mshono mdogomdogo, umenyooka kama umepimwa kwa rula. Kiwaya ninayemjua alikuwa hawezi kushona kifungo.

Usiku huo sikufanya chochote. Kesho yake nikaisikiliza rekoda, ile sehemu ya kipaza cha kizimbani. Haya yote niliyokusimulia yamo humo, kwa mdomo wake, maana alikuwa hawezi kufanya jambo bila kulisema: sasa nasukuma, sasa naruka, nimetua ndani, mkono unanigusa, anapita, lile ni shati langu. Kisha ukumbi unafungwa, funguo za mama zinalia zikienda mbali. Kisha kwa muda mrefu hakuna kitu. Halafu tap, tap, tap. Halafu sauti ya binamu yangu inauliza kama mtoto ameshachukuliwa shuleni.

Rekodi ilikuwa ya saa mbili na dakika kumi, hapo rekoda ilipojizima. Nikaitoa betri, nikaifungia rekoda kabatini. Siku ya tatu nilipoirudishia betri nikaangalia tena. Saa mbili na dakika arobaini na moja. Katika dakika zilizoongezeka hakuna kingine: tap, tap, tap, na swali lilelile.

Nikaenda kwenye lile jengo mchana, jua linawaka. Mama Funguo alinifungulia bila kuniuliza shida yangu. Nikakasukuma kale kamlango kwa kidole kimoja, kakaenda na kurudi, laini kabisa. Watu wanajua mimi siogopi kitu. Sikuingia. Nikasimama nje, nikainama juu ya zile mbao, na kwa sauti ya chini nikamwambia asiwe na wasiwasi, Kifaranga alichukuliwa siku ileile, tena mapema.

Nilipofika nyumbani nikatoa rekoda kabatini. Rekodi ilikuwa imeongezeka sekunde tisa. Nikavaa hedifoni.

Tap. Tap. Tap.

Na binamu yangu, ambaye hajawahi kuongea maneno machache maishani mwake, akaniuliza, "Na nani?"