Picha ya Ishirini na Nne

Doa jekundu lilitokea ukutani Jumanne saa sita mchana, na Mwalimu akalisugua kwa kitambaa chenye sabuni. Halikutoka. Lilipanda juu ya kitambaa, likapanda juu ya mkono wake, ukawa mwekundu hadi kwenye kiwiko, na hapo ndipo alipotambua kwamba ile ilikuwa nuru. Akageuka kutazama dirisha. Lilikuwa na kioo kile kile cheupe cha siku zote, kina vumbi, hakina rangi hata chembe.

"Fundi," alimwambia mumewe, "umeweka nini dirishani?"

"Nimeweka kichwa changu hiki, na wewe unanizibia mwanga."

Mumewe alikuwa fundi saa. Alifanyia kazi pale pale chumbani, kwenye kiti kilichosogezwa dirishani, lenzi jichoni, saa za watu zimetandazwa mbele yake zikigonga kila moja kwa wakati wake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo yalikuwa malalamiko kuhusu vitabu.

Na alikuwa na haki ya kulalamika, tuseme ukweli. Mwalimu alifundisha kuchora miaka thelathini na mmoja, na tangu astaafu hakuwa na kazi nyingine ila kukusanya vitabu vya mitumba vyenye picha: vya sanaa ya kisasa, na hasa vya madirisha ya vioo vya rangi. Vilijaa kabatini, vikajaa juu ya kabati, vikaingia chini ya kitanda. "Siku nikifa," mumewe alikuwa akisema, "wabebaji watanipitisha wapi? Mtaniacha humu humu, mnipange rafuni kwa unene." Walikuwa wameishi hivyo miaka arobaini, yeye akilalamika na huyu akicheka, na ukimtoa mmoja hapo mwingine hajui hata chumvi inakaa wapi.

Sasa wakusanyaji wana ugonjwa wao, nao ni kitabu chenye upungufu. Vitabu vya zamani vya namna hiyo, picha zake hazikuchapwa kwenye kurasa zenyewe. Zilichapwa kando, kisha kila moja ikabandikwa kwenye ukurasa wake kwa mstari wa gundi juu tu, chini ikining'inia. Ndiyo maana watu huzibandua wakazitundika ukutani, na kitabu kikabaki na mapengo. Mwalimu alikuwa nacho kimoja cha namna hiyo kwa miaka tisa. Kilikuwa cha fundi mmoja wa vioo aliyetengeneza madirisha ishirini na manne, na picha zilizokuwemo zilikuwa ishirini na tatu. Kwenye ukurasa wa mwisho palibaki maneno tu: "Dirisha la mwisho. Halikupata jengo." Miaka tisa aliangalia ukurasa ule mtupu, na kila alipouangalia ulimkera kama punje ya mchanga kwenye kiatu.

Jumatatu alinunua kitabu kikubwa cha michoro ya kisasa kwa Mama Vitabu, yule muuzaji wa mitumba. Alipofika nyumbani akaona kurasa mbili za katikati zimegandishwa pamoja. Hazikuwa zimeshikana kwa unyevu. Mtu alizipaka gundi pande zote nne, akaongeza tena gundi juu ya gundi. Wewe na mimi tungeziacha. Mwalimu aliteleka birika.

Aliupeleka mvuke polepole kwenye ukingo, akipenyeza kisu cha mezani, mpaka kurasa zikaachia, na katikati yake akaikuta. Picha ya ishirini na nne. Ilionyesha chumba cha vioo vya buluu, na ndani yake kiumbe cha kioo chekundu kimeketi, hakina uso, kando yake kiti kitupu, na nyuma watu saba wa vioo wamesimama. Mwalimu alilia kwa furaha, wala hakuona haya. Nyuma ya picha paliandikwa majina ya watu, saba, moja chini ya jingine, kila jina na mwandiko wake, yote kwa penseli. Hakuyasoma. Kila kitabu kilichoingia nyumba ile kilifutwa penseli kabla ya kuwekwa rafuni, hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake, maana kwake penseli ni uchafu. Akachukua raba, akafuta majina yote saba, akapuliza vumbi lake, akapaka gundi, akaibandika picha mahali pake.

"Kimetimia," alisema.

"Hongera," alijibu Fundi. "Sasa tule."

Jumatano ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya madini ya risasi yaliyoyeyushwa, yale mafundi wanayoungia vioo, harufu inayoshika koo, na ilizidi kila walipofungua dirisha. Kisha ikaja sauti. Kriiii, taratibu, kisha tak. Kimya. Kriiii, tak.

"Panya," alisema Fundi, lakini alisema kwa sauti ya chini.

"Panya gani anakata kioo?"

Fundi alikuwa akitazama chini. Doa jekundu lilikuwa limeshuka kutoka ukutani, limetambaa sakafuni, limefika kwenye miguu ya kiti chake, na jua la nje lilikuwa upande mwingine kabisa.

Alhamisi asubuhi alishindwa kunyanyuka.

"Mwalimu," aliita polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu. "Njoo unitazame miguu. Siisikii."

Alipiga magoti, akamvua soksi. Vidole vya mumewe vilikuwa vimekuwa kioo. Vilipitisha mwanga, vyekundu, baridi, na kila kidole kimezungukwa na mstari mweusi wa risasi, kana kwamba fundi stadi amevipima na kuvifunga kimoja kimoja. Akagusa. Vikalia ting.

"Inauma?"

"Haiumi. Ingeuma ningefurahi."

Mwalimu alikimbilia kitabu. Kwenye picha, wale watu saba wa vioo walikuwa wametoweka, na kiti kitupu hakikuwa kitupu tena. Miguu miwili ilikuwa imewekwa mbele yake, nyayo kwa nyayo, bila mtu. Na kile kiumbe kilichokuwa kimeketi kilikuwa kimesimama. Akaishika picha aing'oe. Karatasi ile ikawa ngumu kama kioo, ikamkata kidole, damu ikadondoka, na damu ikanywewa na ukurasa asione ilipokwenda.

Alimpigia simu Mama Vitabu.

"Kile kitabu ulikitoa wapi?"

"Kwa marehemu mmoja. Mwalimu, nisamehe. Watoto wake waliniambia nikichome, nikaona hasara kuchoma kitabu kizuri. Kuna nini?"

Alimweleza. Mama Vitabu hakucheka. Alisema anaye shangazi yake, mama mtu mzima anayetoa majini, hana maringo wala hana ngoma, na kwamba wanakuja sasa hivi.

"Twende nje," Mwalimu alimwambia mumewe. "Nitakuburuta na kiti chako."

Kiti hakikusogea, kilikuwa kama kimeota sakafuni. Basi akasema atafungua mlango aite majirani, akaufungua, akatoka, na mguu wake ukatua ndani ya chumba kile kile alichotoka, akitokea upande wa jikoni, na mumewe yuko mbele yake kitini akimtazama. Akageuka akatoka tena, mbio, akaingia tena. Akajaribu mlango wa jikoni akatokea mlango wa mbele, akapanda dirishani akatanguliza kichwa nje, na alichokiona huko nje kilikuwa kisogo cha mumewe na saa zake mezani na vitabu vyake ukutani na mwanamke mzee amening'inia dirishani, miguu yake nje, ameachama mdomo, na alipopiga kelele yule mwanamke naye akapiga, na sauti zote mbili zikamrudia pamoja.

Alianguka ndani akakaa sakafuni. Saa za wateja ziliendelea kugonga. Ziligonga saa saba, saa tisa, saa kumi na moja, na mwanga wa chumbani ukabaki ule ule wa saa sita mchana, haukwenda mbele wala nyuma, ila uliongezeka rangi. Ukuta mmoja ulikuwa umeshakuwa wa buluu. Kriiii, tak. Fundi alikuwa amekuwa kioo hadi kiunoni.

Simu ikaita. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, tulivu.

"Mimi ni shangazi yake Mama Vitabu. Tuko nje kwako toka alasiri, na huku magharibi imeshaingia. Mwanangu, mlango wako uko wapi?"

"Mlango uko mbele, Shangazi. Wa kijani."

"Hakuna mlango. Kuna ukuta, na katikati ya ukuta kuna dirisha moja la vioo vya rangi, linawaka. Namwona mzee ameketi. Na wewe nakuona. Nyuma yako kuna mwingine amesimama. Usigeuke."

Mwalimu hakugeuka. Alisikia risasi ikinuka karibu na sikio lake.

"Shangazi, jini hili lina nini na sisi?"

"Lilitengenezewa dirisha, na dirisha likakosa nyumba. Lilikaa peke yake muda mrefu mno. Wewe umelirudisha kwenye kitabu chake na umelipatia ukuta wako. Sasa niambie, nyuma ya picha paliandikwa majina?"

"Saba. Niliyafuta."

"Kwa nini?"

"Ndivyo ninavyofanya vitabu vyote. Yalikuwa ya penseli."

"Wale walikuwa watu waliokubali wenyewe kukaa nalo, kila mmoja ili kumwokoa mtu wake. Lilikuwa limetulia kwa sababu lina wenzake. Umewafuta wote, limeamka mpweke, na sasa linajichukulia lenyewe." Kisha akasema: "Likiandikiwa jina la mtu anayekubali kwa moyo wake, litamwachia huyo mzee. Jina la mtu mmoja tu. Aliyeandikwa ndiye anayebaki. Sisi tutazigandisha kurasa, na litalala."

Fundi alikuwa amesikia. Kioo kilikuwa kimemfika kifuani na sauti yake ilikuwa nyembamba, yenye mwangwi.

"Usiandike," alisema. "Niache hapa. Kukaa nimezoea."

"Kukaa umezoea," alisema Mwalimu. "Kutazama picha huwezi hata dakika mbili."

"Mwalimu. Nakuomba."

"Kelele. Nani aliteleka birika, wewe?"

Alilia alipokuwa akisema hivyo, machozi yakimtiririka bila kuyafuta, kwa sababu aliogopa, aliogopa kama mtoto, na hakutaka kwenda popote. Alitaka kula chakula cha jioni na mumewe akilalamika. Akakaribia kitabu. Ile picha iliyokuwa ngumu kama kioo sasa ilijiinua yenyewe upande wa chini, taratibu, ikamwonyesha mgongo wake mweupe. Nyuma ya Mwalimu kitu kilikuwa kikingoja, na hakikuwa na haraka.

Akaokota penseli ya mumewe, ile ya kuandikia risiti za wateja. Akaandika majina yake yote matatu, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, herufi zimesimama wima.

Fundi aliona nuru yote nyekundu ikimwondokea mwilini kama maji yanayotoka kwenye beseni. Damu ikamrudi miguuni kwa maumivu makali, akapiga yowe, akaanguka kutoka kitini. Alipoinua kichwa mlango wa kijani ulikuwa wazi, Shangazi na Mama Vitabu wanaingia, na nyuma yao palikuwa giza la jioni ya kawaida na mtu anapita na baiskeli. Mwalimu hakuwepo.

Fundi alitambaa hadi kwenye kitabu. Kwenye picha ya ishirini na nne kiumbe chekundu kilikuwa kimeketi tena, kimetulia. Kwenye kiti cha pili palikuwa na mwanamke wa vioo vyeupe na vya manjano, mikono magotini. Vioo vya nguo yake Fundi alivitambua, maana lile gauni alimnunulia yeye mwenyewe. Uso alikuwa nao. Alikuwa anamtazama.

Mama Vitabu alianza kulia mlangoni. Shangazi hakulia, alitoa kikopo cha gundi na brashi mkobani, akapiga goti kando ya mzee kwa heshima.

"Pole, baba. Pole sana. Nipe kitabu nikifunge kabla hakujakucha. Kikibaki wazi litaanza tena, na litaanza na aliye karibu."

Fundi aliuliza swali moja tu. "Kikifungwa, yeye anaona nini?"

Shangazi hakuwa mwongo.

"Giza," alisema.

Walimbembeleza hadi usiku, wakambembeleza asubuhi. Mama Vitabu alimwambia mkewe alijitoa ili yeye aishi. Shangazi alimwambia asiifanye sadaka ya mkewe kuwa ya bure. Aliwasikiliza wote wawili, akawashukuru, akawaandalia chai, akatafuta sukari asiione, wakainywa hivyo hivyo. Kisha akawaomba waondoke na wawaambie majirani wasilete watoto kucheza karibu na ukuta wake. Akafunga mlango kwa ndani.

Jua lilipopanda alisogeza zile saa za watu pembeni. Akakifungua kitabu kwenye ukurasa wa mwisho, akakiegemeza mezani mahali mwanga unapoingia vizuri, akavuta kiti chake mbele yake na kuketi. Alitazama dakika mbili, akatazama tatu. Akaanza kumweleza kwamba sukari haionekani, kwamba vitabu vimejaa hadi mtu hana pa kukanyaga, na kwamba huyo jirani yake mwekundu hana hata adabu ya kusalimia.

Ilipokaribia saa sita vidole vyake vya miguu vilianza kuwa baridi. Hakuisogeza miguu.