Nakala ya Mugumu

Asubuhi moja ya Jumamosi Wegesa, mtoto wa miaka sita, alisimama kwenye mlango wa studio ya baba yake mjini Tarime, akasema, "Baba Wegesa, chai inapoa."

Hezekia alicheka. Nani asingecheka, mtoto kumwita baba yake vile mke anavyomwita mume? "We, mimi ni baba yako. Baba Wegesa ananiita jirani," akamwambia. Mtoto hakucheka. Alimkazia macho mpaka mtu mzima akaona aibu, kisha akageuka, akaondoka akivuta mguu wa kushoto kama mtu aliyeshinda wodini amesimama. Katika nyumba ile aliyekuwa akitembea hivyo alikuwa mmoja tu, Theodosia, muuguzi kutoka Bukoba, mama yake Wegesa. Na huyo walimzika miaka miwili iliyopita.

Sasa ngoja nikwambie alichofanya huyu bwana, maana watu wanapenda kusema jini lilimwingilia tu bila sababu. Uongo mtupu! Liliitwa, likafunguliwa mlango, likapewa na kiti.

Hezekia ni mtu wa video: harusi, misiba, mahafali. Siku hizi hakuna kanda. Picha zinaingia kwenye kadi ndogo ya kamera, zinahamishiwa kwenye kompyuta, kadi inafutwa, inatumika tena. Kazi za wateja alizitunza kwa nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya kabatini, na moja kwenye diski iliyokaa kwa kaka yake mjini Mugumu, huko Serengeti, ili hata studio ikiungua kazi za watu zisalie. Kazi za watu, nimesema. Vya nyumbani kwake aliviacha kwenye kadi. Humo ndimo ilimokuwa klipu ya dakika nne, Theodosia akimsuka Wegesa nywele huku akiimba Kihaya. Hakuwa na nyingine ya mke wake. Na asubuhi moja, mbio mbio, akaifuta kadi hiyo akidhani ni ya harusi fulani, akaipachika kwenye kamera, akaenda kijiji cha Kemambo.

Kemambo aliitwa na mzee Heche, ambaye binti yake alikuwa amerudishwa na mumewe kwa kuwa ana jini. Heche alitaka matibabu yarekodiwe, wakwe waone kwa macho yao kwamba binti amepona, wasije kudai ng'ombe wao. Mganga alikuwa Mama Efrazia, mama mnene mwenye ulimi mkali, ugoro hautoki puani. Alichoma pembe ya mbuzi, akamfukizia binti, akaliita lile jini majina ambayo siwezi kuyasema mbele ya watoto, mpaka likatoka. Lakini wakati linatoka, binti aligeuza uso, akaitazama kamera, akatabasamu.

"Mura," Mama Efrazia akasema, yaani kijana kwa Kikurya, "limekimbilia humo. Futa. Mbele ya macho yangu."

Hezekia akafuta.

"Limekwisha?"

"Limekwisha, mama."

Hapo ndipo alipodanganya. Kila mtu wa kazi ile anajua kwamba kadi ikifutwa haijafutika. Inasahau tu mahali kitu kilipo, na kitu chenyewe kinakaa pale pale mpaka kingine kirekodiwe juu yake. Hezekia alilijua hilo, akanyamaza, kwa sababu dakika ile ile alikuwa ametambua ni kadi gani aliyoishika. Chini ya jini la watu alikuwa amelala mke wake.

Angeiacha, labda. Lakini jioni moja Wegesa alimuuliza, "Baba, mama alikuwa anaongeaje? Mimi nimesahau." Swali hilo lilimkata maini. Akatafuta programu ya kurejesha vilivyofutwa, akakaa miezi mitatu akiunganisha vipande. Picha ilirudi na viraka vya kijani kwenye shavu la Theodosia. Sauti ilirudi na pengo la sekunde sita, na programu ikalijaza yenyewe kwa kilichokuwa jirani yake ndani ya kadi. Hezekia alipolisikiliza pengo lile, sauti ya mke wake ilisema, tena kwa upole, "Wegesa, njoo nikubebe."

Siku ile ya kusukana yeye ndiye aliyeshika kamera. Theodosia hakusema hivyo.

Basi angefuta hapo hapo! Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Ilikuwa sauti yake, tamu, haina mkwaruzo hata mmoja. Akaiacha. Akatengeneza nakala tatu kama za wateja, na kila siku mtoto akitoka shule akamkalisha mbele ya kompyuta. "Mjue mama yako," akawa anamwambia.

Baada ya ile Jumamosi ya chai, mambo hayakungoja. Studio ikaanza kunuka pembe iliyoungua, hata madirisha yakiwa wazi na upepo unavuma. Wegesa akaacha kucheza na wenzake, akakonda, akawa anakunja nguo za baba yake moja moja. Ndipo Mwalimu Jesca, jirani yao, Mhaya kama marehemu, akamvuta Hezekia pembeni ya karo la kufulia na kunong'ona.

"Baba Wegesa, nani amemfundisha mtoto Kihaya?"

"Hakuna. Labda nyimbo za mama yake."

"Haimbi, anaongea. Kihaya cha mtu mzima, peke yake, ameangalia ukuta. Anasema humu ndani ni padogo. Anasema mwenye nyumba bado yumo, hataki kutoka."

Hezekia hakuaga. Alipanda pikipiki mpaka Kemambo, akarudi na Mama Efrazia mchana ule ule, na njiani akamweleza yote. Walipofika, Mama Efrazia alishuka kwenye pikipiki. Kisha akamzaba kofi.

"Ulikifufua ulichoniapia umekiua! Nakala ziko ngapi?"

"Mbili," Hezekia akasema.

Mbili! Hata pale, shavu linawaka, mtoto wake ameketi mkekani anamwangalia kwa macho ya mtu mwingine, bado alikuwa anaficha moja. Akaiponda kadi kwa nyundo. Akaiponda diski ya kabatini, akang'oa na diski ya kompyuta, akaiponda mpaka ikawa changarawe. Ya Mugumu hakuitaja. Mugumu ni mbali, alijiambia, itafika wapi?

Mama Efrazia akachoma pembe. Wegesa akatetemeka, na kinywani mwake ikatoka sauti ya Theodosia, imechoka, inalia: "Mbona mnanifukuza, na mwenyewe ndiye aliyeniita?" Hezekia akaziba masikio. Mama Efrazia hakuziba, alitukana na kufukiza mpaka mtoto akaanguka, akapiga chafya, akafumbua macho, akasema, "Baba, nina njaa." Sauti yake mwenyewe, nyembamba, yenye kithembe. Hezekia alimkumbatia akalia kama mtoto.

"Hakuna nyingine?" Mama Efrazia akauliza mlangoni.

"Hakuna."

Wiki tatu nyumba ilikuwa nyumba. Wegesa akanenepa, akagombana na wenzake, akavunja kikombe. Wiki ya nne Hezekia akapata safari ya kikazi ya Mugumu, mtoto akamwacha aangaliwe na Mwalimu Jesca. Eti ya kikazi! Alifika kwa kaka yake, akajifungia chumbani, akavaa spika za masikioni ili asisikie mwingine yeyote, akafungua ile klipu, mara moja tu, mara ya mwisho, aage vizuri. Theodosia akasuka. Theodosia akaimba. Na kwenye pengo lile, sekunde zile zile sita, akainua uso kutoka kwenye nywele za mtoto, uso wenye viraka vya kijani, akamtazama na kusema, "Umekuja, Baba Wegesa. Nilijua utakuja."

Aliipasua diski ile kwa jiwe uani, akarudi Tarime siku hiyo hiyo bila kula wala kunywa, akiomba kwa majina yote ya Mungu anayoyajua, na alipofika akasikia harufu ya pembe tangu barabarani, akasukuma mlango, akamkuta mtoto wa miaka sita amejifunga khanga kiunoni, amepanda juu ya kigoda, anasonga ugali kwa mikono miwili bila kutoka jasho.

"Umechelewa, Baba Wegesa," likasema. "Kaa ule."

Mama Efrazia alipoitwa alikataa hata kuingia. "Kwanza lilikuwa mgeni," alisema kutoka nje. "Umeliita mara ya pili, sasa ni mwenyeji. Nikilitoa litatoka na roho ya mtoto. Kwa hiyo niambie, mura, nilitoe uzike, au niliache uendelee kula ugali wake?"

Hezekia aliingia ndani, akakaa, akala ugali.

Kesho yake akaanza kutafuta. Alikopa kompyuta, akaazima kwa wateja nakala alizowahi kuwapa, harusi za Susuni, misiba ya Nyangoto, mahafali, saa mamia kwa mamia, akitafuta sauti ya Wegesa, ile yenye kithembe, hata neno moja. Alikuwa ametunza sauti za wilaya nzima. Ya mtoto wake hakuwahi kurekodi. Siku ya tano, mchana kweupe, kwenye harusi fulani, nyuma ya ngoma na vigelegele, akaisikia, sekunde mbili tu: "Baba, na mimi!" Kisha sauti ya mwanamume, ya kwake mwenyewe, kali: "Toka hapo, unanijazia kadi!"

Akairudia. Akairudia tena, machozi yanamdondokea mikononi. Aliporudia mara ya tatu harufu ya pembe ikamjaa kooni, na akajua bila kugeuka kwamba limesimama nyuma ya kiti chake, linasikiliza, linajifunza.

"Baba, na mimi!" likasema.

Ilikuwa sauti ya Wegesa, na kithembe chake. Hezekia akageuka kwa furaha, akanyoosha mikono. Mtoto alikuwa amefungua kinywa, midomo haichezi, na kutoka ndani ya koo lake zilikuwa zikitoka ngoma za harusi na vigelegele, na baada ya hapo sauti ya Hezekia mwenyewe:

"Toka hapo, unanijazia kadi!"