Pale Darajani Mchezo Unapozubaa

Kila akirudi shuleni, kazi ya kwanza ya Yasmin ilikuwa kuokota vipande vya vitambaa vilivyotapakaa chini ya cherehani ya mama yake. Mama huyo, Mwanaamina, alikuwa fundi nguo mtaa wa Nyasho, mjini Musoma, na chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake. Yasmin hakuichukia kazi hiyo hata kidogo. Mama akikanyaga cherehani, mdomo nao ulikuwa haukai kimya, na hadithi zake zilikuwa tamu.

Hadithi nyingi zilikuwa za Bunda, alikokulia. Huko, jirani na mgahawa wa baba yake, mzee mmoja aitwaye Abubakary alikuwa na chumba chenye runinga na mashine ya michezo.

"Wasichana tulikuwaga wawili tu," mama alisema siku moja huku akitia uzi kwenye sindano. "Mimi na Jenoveva. Wavulana wanatuambia, 'Nyie nendeni mkaruke kamba!' Sisi kimya. Asubuhi tunamfagilia Mzee Abubakary chumba chake, basi jioni anatuachia tunacheza."

"Mchezo gani, mama?"

"Wa magari mawili. Jekundu langu, la buluu la Jenoveva. Tunapeleka dawa hospitali, ng'ambo ya mto. Kaseti ya mchezo ikigoma tunaitoa, tunaipuliza, fuu! Halafu tunairudisha. Ilikuwa raha, mwanangu." Akatazama nje. "Halafu mzee akafunga chumba. Jenoveva akarudi kijijini kwao, Buswahili, akaolewa. Sasa ni salamu za simu tu."

Wiki hiyohiyo simu ililia. Alikuwa Jenoveva. Jumamosi angekuja Musoma kutafuta dawa za mifugo, na angepita kula chakula cha mchana. Mama alifurahi mpaka akashona mkono wa gauni la mteja ndani nje, ikabidi aufumue.

Yasmin alipoona furaha ile, wazo likamjia. Alikuwa na binamu yake, Fahadi, mtoto wa kaka yake mama, aliyekuwa fundi simu mtaa wa Nyakato, hapohapo mjini. Fahadi alikuwa na kompyuta ndogo sana, bodi moja tupu inayotosha kwenye kiganja cha mkono. Ukiiunganisha na runinga, ilicheza michezo ya zamani iliyohifadhiwa kwenye memori kadi. Yasmin alimweleza habari za magari mawili. Fahadi akatafuta kwenye mkusanyiko wake, na kweli, mchezo ulikuwemo.

"Chukua ukajizoeze kuiunganisha," alimwambia. "Shangazi atashangaa! Ila sikiliza, Yasmin. Kitu hiki ni kidogo lakini kinapata joto. Humo ndani kuna setingi za kuongeza kasi ya prosesa, yaani ubongo wake. Usiziguse. Sijakifungia feni bado."

"Sitagusa, kaka."

Kesho yake mama alipokwenda kununua vitambaa, Yasmin aliunganisha nyaya, akawasha. Magari yakatokea, jekundu na la buluu, na muziki wa kuchekesha kama filimbi. Alicheza akitabasamu peke yake. Lakini alipofika darajani, mambo yakabadilika. Mapipa yalianza kuporomoka kutoka kila upande, magari ya maadui yakajaa, na picha ikaanza kwenda taratibu, kama mtu anayetembea kwenye tope. Alipovuka daraja, kasi ikarudi.

Akarudia. Darajani, pakazubaa tena.

"Kompyuta imezidiwa," Yasmin alijiambia. Aliwaza mama na mgeni wake wakifika pale, mchezo ukijikokota, na wote wawili wakitazamana kwa huzuni. Hakutaka iwe hivyo. Kumuuliza mama hakuweza, maana ingekuwa si siri tena. Kumuuliza Fahadi aliona aibu.

Akafungua setingi. Akapandisha kasi kidogo, akarudi darajani. Pakazubaa vilevile. Akapandisha tena. Sasa alama ndogo ya kipimajoto ikatokea kwenye kona ya runinga. Yasmin aliiona vizuri kabisa, lakini alijifanya hajaiona. Alisogeza feni ya mezani karibu na bodi, akapandisha kasi mpaka mwisho.

Magari yalipokanyaga daraja, picha iliganda. Muziki ukakwama kwenye sauti moja, ngrrrr, kisha runinga ikawa nyeusi. Yasmin aliigusa bodi, akarudisha mkono haraka. Ilikuwa ya moto kama pasi. Alisubiri ipoe, akawasha. Taa ndogo nyekundu iliwaka, basi. Kwenye runinga hapakuwa na kitu.

Aliichomoa, akampelekea Fahadi.

"Imefanya nini?" Fahadi aliuliza.

"Umeme... umeme ulikatika ghafla, kaka. Uliporudi, ikawa haiwaki."

Fahadi aligeuza bodi huku na huku, akakunja uso. "Umeme tu? Hapana. Hii ni chaja niliyokupa ya kuiwashia. Ephraim ameniletea chaja mbovu."

Ephraim alikuwa kijana aliyeuza chaja na vifaa vya masikioni kwenye nusu ya meza ya Fahadi. Wakati huo alikuwa amekwenda msalani. Aliporudi, Fahadi alimwonyesha bodi.

"Ona kazi ya chaja yako!"

"Kaka, chaja ile ni nzima. Niliipima mwenyewe mbele yako."

"Sasa nani kaiunguza? Watoto wa Nyasho?" Fahadi alipandisha sauti, na wateja wakageuka. "Mimi nakupa nafasi kwenye meza yangu, wewe unaniletea takataka. Tafuta pa kwenda, bwana."

Ephraim alimtazama Yasmin mara moja tu. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayeomba asaidiwe neno. Yasmin akainamisha macho, akaondoka.

Nyumbani mama alipika furu wa nazi, samaki wadogo ambao Yasmin aliwapenda kuliko wote. Siku hiyo alisukuma sahani kando. "Unaumwa?" mama aliuliza, akamshika shingo. Yasmin akatikisa kichwa. Alikuwa akiyaona macho ya Ephraim kila alipofumba yake.

Ijumaa baada ya masomo hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja Nyakato. Ephraim alikuwa akipanga chaja zake ndani ya boksi, moja moja. Fahadi alikuwa amempa mgongo.

"Kaka Fahadi," Yasmin aliita. Sauti ilitoka nyembamba. "Umeme haukukatika."

Fahadi akageuka. Mkono wa Ephraim ukasimama ndani ya boksi.

"Ni mimi. Nilipandisha kasi mpaka mwisho. Alama ya joto niliiona, nikaendelea. Chaja haina kosa. Nilidanganya." Machozi yakamtoka. "Kaka Ephraim, nisamehe. Jana niliona unavyosemwa, nikanyamaza."

Fahadi alivua miwani yake, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. Kisha akamgeukia Ephraim.

"Bwana, na mimi nisamehe. Nimekusema mbele za watu bila kupima chaja. Nitawaambia walewale kwamba nilikosea."

Ephraim alipumua kwa nguvu, akaanza kutoa chaja zake ndani ya boksi na kuzirudisha mezani. "Yameisha," alisema. "Ila tangu jana sijauza kitu, Yasmin. Watu walipita wakinong'ona."

Maneno yale yalimwingia Yasmin kuliko kama angechapwa.

"Sasa twende kwa shangazi," Fahadi alisema. "Lazima ajue."

Mama aliwasikiliza huku mikono imetulia juu ya cherehani. Yasmin alieleza kila kitu, na siri yake ikaishia hapo.

"Mimi kitu kimoja sielewi," mama alisema mwishowe. "Kwa nini uligusa ulichokatazwa?"

"Pale darajani, mama. Mapipa yakija mchezo unazubaa. Nilitaka uende vizuri, kama enzi zenu."

Mama alimkodolea macho. Kisha mabega yakaanza kumtetemeka. Alicheka, akacheka, mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha mteja.

"Yasmin, mwanangu! Enzi zetu ulikuwaga unazubaa hivyohivyo! Pale darajani ndipo tulipokuwa tunapumzika. Jenoveva anakunja vidole, mimi nafuta jasho, Mzee Abubakary anasema, 'Haya, mashine imechoka, na nyie pumueni.' Ungeniuliza tu!"

Fahadi naye alicheka kwa kushindwa kujizuia. "Mashine za zamani zilikuwa na nguvu ndogo," alimweleza Yasmin. "Vitu vikijaa kwenye picha, zinalemewa. Sasa kompyuta hii inaigiza mashine ile kila kitu, hata uchovu wake. Ungepandisha kasi mpaka bodi iyeyuke, pale darajani pangebaki vilevile."

Yasmin alishika kichwa. Alikuwa amepigana na tatizo ambalo halikuwepo.

Bahati nzuri, bodi haikuwa imekufa. Ilipozimika katikati ya kazi, kadi ndiyo iliyoharibika, na kila kitu kilichokuwemo kikapotea. Fahadi alikuwa ameikusanya michezo ile kwa muda mrefu. Walirudi Nyakato, akaanza upya, na Yasmin akaketi kando yake mpaka adhana ya magharibi, akisoma majina ya mafaili kwa sauti na kumkabidhi bisibisi. Ephraim alileta feni ndogo aliyoichomoa kwenye mtambo mbovu wa redio, wakaifunga juu ya bodi. Kasi ikabaki ileile ya kiwandani.

Jumamosi Jenoveva aliwasili na kibuyu cha maziwa ya mgando na mihogo iliyofungwa kwenye kanga.

"Shikamoo, mama," Yasmin alimpokea mzigo.

"Marahaba, mwanangu. Ati ndiye huyu? Mwanaamina, umejizaa mwenyewe!"

Wakakumbatiana mlangoni, wakaachana, wakatazamana, wakakumbatiana tena. Walikula, wakaulizana habari za watoto na za mvua. Kisha mama akawasha runinga.

Muziki ulipoanza, Jenoveva aliweka kikombe chini polepole. "Hapana," alisema. "Hapana, Mwana. Umeutoa wapi?"

"Chukua padi, vitufe ni vilevile. La buluu lako."

Wakakaa mkekani, magoti yakigusana. Mwanzoni vidole vilikuwa vizito, wakagonga ukuta, wakatupiana lawama kama watoto. Kisha mikono ikakumbuka. Walipofika darajani, mapipa yakaporomoka na picha ikazubaa. Jenoveva alikunja vidole vyake na kuvikunjua, mama akafuta paji la uso, na wote wawili wakasema kwa pamoja, kwa sauti nzito ya mzee, "Na nyie pumueni!"

Wakavuka. Dawa ikafika hospitali. Jenoveva alicheka, lakini macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nilikuwa sijakwambia," alisema taratibu. "Nilisikia Mzee Abubakary alifariki mwaka juzi, huko alikohamia."

Mama akaweka padi chini. "Inna lillahi. Hatukumshukuru hata siku moja."

"Tulimfagilia," Jenoveva alijibu. Yasmin akasogea, akapunguza sauti ya muziki.

Jioni walimsindikiza mgeni stendi. Gari lake lilipoondoka, mama alishika mkono wa Yasmin, wakaanza kurudi kwa miguu.

"Leo umenipa zawadi ambayo sitaisahau," alisema. "Lakini nisikilize. Kupandisha kasi lilikuwa kosa la papara. Kitu cha mtu ukitaka kukitengeneza, muulize kwanza kilikuwaje. Hilo nimelisamehe. Uongo wako ndio ulioniuma, kwa sababu ulimtwika Ephraim mzigo wako. Kadi imeharibika, Fahadi ameiandika upya siku moja. Jina la mtu likiharibika mbele ya wateja wake, halirudi kwa siku moja. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama unatetemeka."

"Nimeelewa, mama."

"Najua umeelewa. Ulikwenda Nyakato mwenyewe, hukusukumwa na mtu. Hiyo ndiyo iliyonifanya nikuamini tena."

Wiki iliyofuata, kila alipotoka shule, Yasmin alipitia kwenye meza ya Nyakato. Wateja waliposita mbele ya chaja za Ephraim, aliwaambia bila kuficha, "Ile bodi niliiunguza mimi. Chaja zake ni nzima." Mara ya kwanza uso ulimwaka moto. Mara ya tatu, mwanamke mmoja alicheka, akachagua chaja, na Ephraim akaitafutia mfuko.