Maji Yasiyosemeka

Sanduku la bati lililoibwa lilikuwa na hati za hisa za watu arobaini, wanachama wa kampuni iliyonunua shamba la mzungu katika eneo la Ziwa. Shamba lingegawanywa Jumamosi. Asiye na hati hana ploti. Na Gathogo, mweka hazina, alikuwa seli siku ya tatu, akiapa kwa Mungu kwamba hajui kitu.

Inspekta Otiende ndiye aliyemtia ndani, tena kwa makofi mawili, kwa kuamini neno la katibu, Nicanor. Sasa roho ilimsuta. Asubuhi hiyo akarudi mtaa wa West Indies, chumbani kwa Nicanor.

"Sanduku lilikaa wapi?"

"Chini ya kitanda, afande."

Otiende akasukuma kitanda. Lo! Sakafuni palikuwa na alama ya kutu tupu. Ukuta ulipakwa chokaa mpya, lakini hadi usawa wa magoti tu. Akaibonyeza. Ikabanduka, imelowa maji yanayonuka sabuni.

"Maji haya yanatoka wapi?"

"Kwa jirani."

"Jirani gani?"

Aliyejibu ni mke wa Nicanor, Priscah, aliyesimama mlangoni.

"Hapo ni bafu la mama yangu. Alipofiwa na baba, tulikosa chumba kingine cha kumpangia."

"Nicanor, ulimwambia bafu linavuja?"

"Nani, mimi? Mama mkwe, afande! Hata salamu ananipa kwa mbali. Nimwambie maji yake ya kuoga yananifuata kitandani?"

"Si ungeniambia mimi?" Priscah akauliza.

"Nikutume kwa mama yako na neno kama hilo? Nilishindwa."

"Mwizi hapaki chokaa," Otiende alisema. "Sanduku liko wapi?"

Nicanor akaketi chini, machozi yakamtoka.

"Nililitupa mto Sosiani. Nilifungua Jumatatu nikakuta hati zimekuwa uji. Wangeniuliza mkutanoni maji yametoka wapi. Nikasema zimeibwa."

"Ukamtaja Gathogo."

"Uliuliza nani ana ufunguo wa pili wa sanduku! Nilidhani utamwachilia siku hiyo hiyo. Afande, andika niliziuza. Andika mimi mwizi, nifungwe. Lakini hilo bafu, nakuomba, usiliandike."

"Hati zikiharibiwa na maji, kampuni itatoa nyingine. Ukisema umeuza, watu arobaini wamekosa shamba. Utakubali?"

Ukuta ule ulikuwa mwembamba, na upande wa pili ikasikika sauti ya mama mtu mzima, ambaye hajawahi kumsemesha mkwe wake ana kwa ana.

"Afande! Andika bafu ni langu. Na maji ni yangu. Mtoto wa watu atoke seli!"

Nicanor akavuta shuka akajifunika uso. Otiende akafungua daftari, akaandika yote, kisha akaenda mwenyewe kumfungulia Gathogo, asijue ataanzaje kumwomba radhi.