Nyota Iliyopiga Mluzi

Hawe alikuwa ameshafika kwenye kona ya msikiti, kitita kichwani, na Nyamvula alikuwa nyuma yake na kikapu. Siku za Jumamosi Nyamvula hufua sare, huteka maji, kisha hukimbilia mazoezi ya muziki shuleni, pale Kisauni. Leo alikuwa anamsindikiza Hawe, bibi yake, kwenye steji ya magari ya Kaloleni, na bibi hakuwa amesema atarudi lini.

"Hawe, mbona ghafla hivi?"

Bibi alijibu akiendelea kutembea. "Baba yako ananiita."

Munga, babake Nyamvula na mwana wa Hawe, alizikwa Kaloleni mwaka uliopita.

"Anakuita vipi?"

"Kwa mluzi wake. Siku ya tatu jana. Alasiri, mama yako yuko kazini Bamburi, wewe sikuoni, mimi najinyoosha kidogo, usingizi unanijia, mara nausikia. Ule ule wa kutaka afunguliwe mlango. Jana niliinuka nikafungua." Alikohoa. "Hapakuwa na mtu. Mfu anayezunguka hivyo hajatulia, mwanangu. Nakwenda kumwagia tembo la mnazi kaburini, nikae naye mpaka anyamaze. Na akitaka nimfuate, nitamfuata."

Kikapu kikawa kizito mkononi mwa Nyamvula. Mluzi wa baba ulikuwa wa sauti nne: mbili za juu, moja ya chini, moja ya juu tena. Na aliyeupiga siku tatu zile hakuwa mfu. Alikuwa yeye mwenyewe.

Mambo yalianza darasani. Mwalimu Gladys aliwaletea karatasi ya tarakimu, vipimo vya mwanga wa nyota moja iliyo mbali mno, vilivyochukuliwa na darubini iliyo kwenye chombo angani. Kipimo kimoja kwa kila saa tatu. "Tutaisikia hii nyota," alisema. "Mwanga ukizidi, piga ubao wa juu wa marimba. Ukipungua, piga wa chini." Na kweli, kila baada ya siku nne marimba ilishuka, kwa sababu sayari ilikuwa ikipita mbele ya nyota na kuikinga. Watoto walisogea karibu na marimba. Kitu kisichoonekana kilikuwa kinapita, na wao walikuwa wakikisikia.

Lakini katikati ya karatasi palikuwa na nafasi nne tupu. Saa zile chombo kilikuwa kimegeuka kuelekea duniani kutuma habari zake, hakikuitazama nyota. "Pasipo na kipimo, nyamazeni," Mwalimu alisema, akamkabidhi Nyamvula kazi ya kunakili na kupiga.

Nyamvula alipofika hapo mara ya kwanza, kimya kile kilimpanda mgongoni. Kilikuwa kimya cha nyumbani kwao saa kumi na mbili jioni, saa ambayo baba alikuwa akirudi kutoka kazini Kipevu. Hakukivumilia. Akajaza nafasi nne kwa sauti nne za mluzi. Wimbo ukawa mtamu, Mwalimu akausifu, ukachaguliwa kwenda kwenye tamasha la kaunti. Nyamvula akaruhusiwa kwenda na marimba, na kila alasiri alifanya mazoezi ndani ya nyumba isiyokwisha kujengwa, nyuma ya kwao.

Jefwa, mpiga kayamba, ndiye pekee aliyeitazama nakala yake akaona zile nafasi zimejazwa.

"Hii nyota yako imejifunza wapi kupiga mluzi?" alimuuliza.

"Nyamaza, Jefwa."

"Mimi nimeshanyamaza. Nani atapanda huko juu kuhakikisha?"

Sasa, pale steji, utingo alikuwa anaita Kaloleni, Kaloleni, na Hawe alikuwa ameinua mguu kupanda gari. Nyamvula alijua kwamba akisema, tamasha litampita. Akinyamaza, bibi atakwenda kukaa kaburini akimsubiri mtu asiyemwita.

"Hawe, ni mimi niliyekuwa nikipiga. Ni marimba."

"Unanipoza moyo tu."

"Wallahi si kukupoza. Njoo shuleni usikie."

Hawe akashusha kitita. "Nikisikia ni wewe, narudi nyumbani. Nisiposikia, usinizuie tena."

Shuleni wenzake walikuwa mazoezini. Mwalimu Gladys alimwamkia Hawe shikamoo, akampa kiti. Nyamvula akapiga. Nyota ikapanda, ikashuka sayari ilipopita, ikapanda tena. Kisha zikaja zile sauti nne, na Hawe akageuza kichwa kuutazama mlango.

"Ndiye," alisema polepole. "Ndiye kabisa."

Hakuna mtoto aliyecheka. Mwalimu alikuwa ameinamia karatasi yake.

"Nyamvula."

"Abee."

"Sauti hizo nne umezitoa mstari gani?"

"Hazipo, mwalimu. Ni za baba. Nyota haikupimwa hapo, nikajaza mimi."

Jefwa alitazama vidole vyake vya miguu.

"Mpimaji akikosa kipimo huandika kwamba amekosa," Mwalimu alisema. "Angetokea mtu akakuamini, angetafuta huko juu kitu ambacho hakipo, miaka na miaka."

"Mimi nimetafuta siku tatu," Hawe alisema, "na nimezeeka miaka mitatu. Mwanangu amelala zake salama, mimi namdhania anateseka nje ya mlango." Alimvuta mjukuu wake karibu. "Najua unamkumbuka. Hata mimi. Lakini aliyenyamaza usimsemee, Nyamvula. Ukimsemea, umemzulia. Ukweli ukiwa kimya, kivumilie hicho kimya. Haya, piga tena. Ipige kama ilivyo."

Akapiga. Zilipofika nafasi nne, aliinua vijiti akangoja. Kimya kiliingia darasani kikakaa nao, na Hawe alikisikiliza mpaka mwisho, macho wazi.

Tamasha halikumpita Nyamvula. Walikwenda na nafasi zao tupu, wakawa wa tatu. Mwamuzi mmoja alidhani wamesahau sauti nne, akawapunguzia alama. Mwalimu Gladys alihamishiwa Voi muhula uliofuata. Jefwa yuko sekondari na hapigi tena kayamba. Mamake Nyamvula angali kazini Bamburi. Hawe alikwenda Kaloleni mwezi wa nne kupanda mahindi, akarudi baada ya kuvuna. Nyamvula yuko kwenye kipindi cha hesabu, na jibu asilolijua huliachia nafasi tupu; marimba imefungiwa stoo ya shule.