Miguu ya Sola ya Kazija

Kazija huuza barafu za ukwaju. Alfajiri huuchuja ukwaju, hutia sukari, kisha huujaza katika vifuko. Lakini nyumbani kwao, nje kidogo ya Mkokotoni, nyaya za umeme hazijafika. Kwa muda mrefu aligandisha barafu zake kwa jirani mwenye jenereta. Jirani akahama. Watoto wa skuli wakawa wanapita mlangoni kuulizia barafu, na Kazija hana la kuwapa.

Mumewe, Mjaka, akanunua friza, betri na paneli nne za sola. Friza ikawekwa ukumbini, bado imefungwa nailoni. Paneli zikaegemezwa ukutani kumngoja fundi.

Fundi alikuwa Bi Thuwaiba, mama wa makamo aliyesomea kazi hiyo. Baada ya salamu, Mjaka alimwonyesha paa. Alitaka paneli zikae juu, upande wa barabarani, kila apitaye azione.

Bi Thuwaiba akapanda ngazi. Akaichoma boriti ya paa kwa bisibisi. Bisibisi ikazama kama kwenye muhogo uliochemshwa.

"Mchwa washakula hapa," alisema. "Boriti hizi zinabeba bati kwa shida. Ukiongeza paneli, siku ya upepo mkali utakosa sola na utakosa paa."

Mjaka hakukata tamaa. Akaleta chuma cha kitanda kutoka uani. Kichomelewe, alisema, kiwe stendi ya kusimama chini.

"Kitanda chetu cha harusi, Baba Nadra?" Kazija alimuuliza mumewe. "Kilishindwa kutubeba sie wawili, kitaziweza paneli nne?"

Bi Thuwaiba alicheka mpaka akakaa kitako. Kisha akakikwangua chuma kile, kutu ikamwagika. Alieleza kwamba hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi hukila chuma kitupu upesi. Stendi ya chini ni wazo zuri, ila nguzo ziwe mabomba yaliyopakwa zinki, yachimbiwe na kumwagiwa zege. Reli za kushikia paneli ziwe za alumini, na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Stendi ikae mbali na kivuli cha minazi, tena iwe ya juu, mbuzi wasiipande.

"Na ziangalie wapi?" Mjaka aliuliza. "Mashariki, jua linakotoka?"

"Asubuhi utafaidi, alasiri utakosa. Mkisali mnaelekea wapi?"

"Kibla."

"Basi huko huko. Kwetu Unguja kibla iko kaskazini, na jua la mchana hupita upande huo miezi mingi ya mwaka. Tutaziinamisha kidogo tu, mvua izioshe."

"Hizo zitamshinda Baba Nadra," alisema Kazija. "Hazitakosa adhuhuri hata moja."

Mjaka mwenyewe ndiye aliyechimba mashimo. Zege likaachwa wiki nzima likauke. Bi Thuwaiba akarudi, akafunga reli, akafunga paneli, akaitikisa stendi kwa mikono miwili. Haikucheza. Akavuta waya hadi kwenye betri ukumbini, na friza ikaanza kunguruma.

Siku ya pili Kazija alitoa kifuko cha kwanza, kigumu kama jiwe. Mjaka aliambiwa aonje kimoja, akamaliza vitatu. Skuli ilipotoka, watoto walikuwa wanapita bila ya kugeuka. Walishazoea kuambiwa hakuna.

Kazija akatoka mlangoni, akawaita.